Wino wa Njano na Jina la Faraja

Haya niliambiwa na Zuleha, fundi cherehani wa mtaa wa Mawenzi. Aliniambia siku ya Alhamisi, wiki ile mvua za masika zilipoanza, saa tatu asubuhi, sebuleni kwangu Shirimatunda, nikiwa nimeshika chupa ya wino wa njano.

Naitaja chupa kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Mtaona.

Aliyekosa wiki zilizopita nimfupishie. Mimi ni Aikande, bibi wa wajukuu saba, shule niliishia darasa la nne. Mwanangu Godlove anapandisha wageni mlimani. Alininunulia printa ya wino, ile yenye tanki nne za rangi, nisikae bure. Mjukuu wangu Ruth anaandika kwenye kompyuta, mimi natia karatasi, najaza wino, natandaza zikauke. Tulianza vizuri. Kisha nikamwaga wino wa bluu kwenye kitambaa cha altare. Kisha kadi za kipaimara zikanyeshewa, majina ya watoto thelathini yakatiririka mpaka kwenye soksi zao nyeupe. Na wiki iliyopita niliwaacha simu inalia: shemeji yangu Ebenezeri, mume wa mdogo wangu Ndelilio, amefariki kule Machame, na ukoo umenipa mimi kuchapa ratiba ya mazishi. Nakala mia mbili. Kuzika ni Jumamosi.

Sasa tuendelee.

Zuleha nilikuwa namjua, ndiye aliyetushonea sare za kwaya. Lakini kwangu hakuwahi kufika.

"Hodi, Mama Godlove."

"Karibu. Usivue viatu, nimechafua sakafu."

Hakukaa. Alisimama anatazama kompyuta ya Ruth. Picha ya shemeji ilikuwa imejaa kioo kizima, amevaa tai yake ya bluu ya vidoti.

"Hiyo tai nimeshona mimi," akasema.

Nikacheka. "Tai hununuliwa, mama."

"Hiyo nimeshona. Kitambaa kilibaki kwenye gauni la mtoto wetu."

Nikaacha kumimina wino.

"Mtoto wenu na nani?"

"Wangu na wake. Unamjua. Unamwita mjukuu wangu, mjukuu wangu, kila ukienda kununua hiyo chupa."

Faraja! Binti wa duka la steshenari mjini. Mwaka mzima ndiye aliyekuwa ananiuzia wino. Ndiye aliyenifundisha kujaza tanki bila kumwaga. Ana tabia moja: hafungui boksi mpaka aligonge mara mbili kwa kifundo cha kidole. Ko, ko. Nilikuwa namtania, "Unapiga hodi kwa nani humo?"

Na shemeji Ebenezeri, maisha yake yote, hakukalia kiti wala kushika jembe bila kugonga mara mbili.

Nilikuwa na masikio na macho, na sikuuliza.

"Ana miaka mingapi?"

"Ishirini na sita. Na baba yake hakumkataa, Mama Godlove. Kila Alhamisi alikuja. Alipolazwa akaniambia, nikifa usiende kwa wazee, nenda kwa shemeji Aikande, yeye ndiye mwenye mashine. Mwambie aandike jina tu."

"Mbona hakuniambia mwenyewe?"

"Aliogopa."

"Aliniogopa mimi?"

"Alimwogopa mdogo wako."

Nikaitazama ile tai ya vidoti.

Kwa msomaji asiye wa huku, nieleze. Kwetu ratiba ya mazishi ina wasifu ndani, na wasifu unasomwa mbele ya jeneza, watu wote kimya. Ukifika kwenye watoto, wanatajwa kwa majina. Baadaye kaburini wanaitwa kwa mpangilio uleule, mmoja mmoja, kuweka udongo. Aliyetajwa anasogea. Asiyetajwa anasimama nyuma na majirani, na akirudi nyumbani hana baba tena, si wa hai wala wa marehemu. Hakuna atakayeandika upya. Karatasi imeshasomwa.

"Sitaki mgomba hata mmoja," Zuleha akasema. "Wala ng'ombe, wala kijiko. Nataka mwanangu aitwe, asogee, aweke udongo kwa baba yake. Aondoke."

Nilitakiwa kusema, ngoja nikaongee na mdogo wangu kwanza. Ndivyo mtu mzima angesema.

Nikasema, "Nitaliandika."

Alinishika mikono yote miwili, wino na vyote, akatoka na viganja vya njano. Na mimi, kwa kuchanganyikiwa, nikamalizia wino, nikatia chupa tupu kwenye mfuko wangu na kufunika mashine. Kifuniko kidogo cha tanki ya njano sikukikandamiza.

Ruth akaandika. "Bibi, hapa pamesema watoto wanne. Niweke watano?"

"Weka watano."

"Una uhakika, bibi?"

"Ruth, andika."

Akaandika: Praygod, Brenda, Esther, Ezra na Faraja. Kisha akafanya tunavyofanya kwa kila mteja, akatuma sampuli kwa wasapu ili mteja aone kwanza.

Mteja alikuwa Praygod, mtoto wa kwanza wa marehemu.

Sikumtuma Ruth atume. Lakini sikumkataza pia. Ndiyo kazi yetu ilivyo.

*

Ijumaa saa mbili asubuhi gari likasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, Praygod mwanangu. Mmeamkaje na msiba?"

"Tumeamka. Wazee wamesema mashine ipande nyumbani. Ichapiwe kule kule."

"Kwa nini, na hapa kila kitu kipo?"

"Umeme wa kule ni mzuri."

Tangu nizaliwe sijamsikia mtu wa Machame akisifu umeme wa kule. Nikamtazama, akatazama matairi.

Ruth alikuwa na mtihani chuoni, akabaki. Kompyuta yake akanipa. Mashine nikaipakata mwenyewe kama mtoto, sikutaka iwekwe nyuma na mikungu ya ndizi. Barabara ile ina kona. Kona ya tatu nikahisi magoti yamelowa. Nikadhani ni mvua, dirisha liko wazi.

Tulipofika, wanawake waliokuwa wanamenya ndizi chini ya turubai wakanyamaza, wakanitazama kuanzia kiunoni kushuka. Kitenge chote kilikuwa njano. Soksi njano. Kiatu njano.

"Aikande," mmoja akasema, "umekalia trei ya mayai?"

Wakacheka kwa kuziba midomo, maana ni msibani. Mimi sikucheka. Nilijua tanki imebaki tupu na chupa nyingine sina.

Sebule ilikuwa imejaa waombolezaji, turubai linavuja. Praygod akaipeleka mashine chumbani kwa mama yake, kwa sababu ndiko kulikuwa na meza na soketi na mlango wa kufunga. Akatoka. Nikasikia mlango ukifungwa.

Mdogo wangu Ndelilio alikuwa amekaa kwenye godoro chini, kama mjane anavyokaa, mgongo ukutani. Kitanda chao wawili kilikuwa kimetandikwa, hakuna aliyekilalia tangu Jumatatu. Yeye mwenyewe hakuwa amelala tangu Jumatatu. Macho yalikuwa mekundu mpaka kope.

Nikataka kumkumbatia. Akanyoosha mkono. Mkononi alikuwa na jani la isale, limefungwa fundo.

Isale ni ule mmea wetu wa majani marefu, tunaupanda mipakani na kwenye makaburi. Mtu akikuletea jani lake lenye fundo anakuomba msamaha, na hulikatai. Hata kama amekufanyia lipi. Na ukishalipokea umesamehe, neno lile hulirudii tena kinywani mwako wala hulitendei kinyume. Sasa mwenye akili huuliza kwanza, unaniomba msamaha wa nini? Mimi nilimwona mjane, mtoto niliyembeba mgongoni nikienda naye kuchota maji. Nikanyoosha mikono miwili.

"Umepokea?" akaniuliza.

"Nimepokea, mdogo wangu. Nimekusamehe. Kwani kuna nini?"

"Nimelitoa jina la mtoto wa Zuleha."

Nikabaki na jani mkononi.

"Praygod alinionyesha kwenye simu. Amelifuta. Sasa ni wanne kama Mungu alivyonipa. Nilijua utaumia kwa sababu umeshaahidi, wewe ukiombwa huwezi kukataa, ndivyo ulivyo tangu utoto. Ndiyo maana nikakuomba msamaha."

"Ndelilio, ungesema kwanza!"

"Ungepokea?"

Nikaligeuza lile jani.

"Unaona," akasema.

Nikauliza kama mjinga, "Ulijua lini?"

"Miaka ishirini na sita. Nilijua kabla mtoto hajaota meno. Kila Alhamisi anavaa shati safi, anasema anakwenda chama cha ushirika. Chama gani kinakaa kila Alhamisi miaka ishirini na sita? Nilimpigia pasi hilo shati, dada. Nikampigia pasi." Akanitazama. "Na wewe? Ulijua lini?"

"Jana," nikasema.

Nitawaambia ukweli ninyi ambao hamnijui. Kwamba Faraja ni wake, kweli nilikuwa nimejua jana yake. Lakini Alhamisi moja, miaka mingi nyuma, nilimwona shemeji Mawenzi, amekaa kwenye kibaraza cha Zuleha, amevua viatu. Mwanaume havui viatu kwa fundi wa nguo. Niligeuza uso nikapita upande wa pili. Nikanyamaza. Mwaka huo na miaka yote iliyofuata.

"Jana tu?" Ndelilio akauliza tena.

"Jana."

Akaegemeza kichwa ukutani. Jani nikaliweka dirishani.

*

Nikawasha mashine. Ikanguruma, ikatikisa kichwa chake huku na huku, ikawasha taa ya kukataa.

Praygod akaja. "Nini tena?"

"Njano hakuna."

"Si tuchape nyeusi tupu? Mtu amekufa, nani anataka njano?"

"Hii haifanyi. Rangi moja ikikosekana inagoma zote."

"Mashine gani inachagua rangi kama bibi harusi?" Akaipiga kofi kidogo ubavuni. "Tupeleke mjini wakachape wengine."

Jamani, nilitaka kusema ndiyo! Peleka mjini, mniondoe hapa. Achape mwingine, jina lisiwepo kwa mkono wa mwingine, nimwambie Zuleha mashine iliharibika. Lakini Ndelilio akasema pale chini bila kufumbua macho, "Hapana. Haitoki kwenye chumba hiki. Mpaka ya mwisho."

Praygod akachukua ile chupa tupu kwenye mfuko wangu, akasoma namba ya duka iliyobandikwa, akapiga. "Tunataka wino wa njano, haraka. Mtu wa bodaboda atuletee. Machame, msibani kwa Mzee Ebenezeri. Ukifika kanisani uliza, kila mtu anajua."

Namba ile nilikuwa naijua.

Niliomba mvua izidi, bodaboda ikatae kupanda. Mvua ikazidi. Lakini baada ya saa moja mlango ukagongwa. Mara mbili. Ko, ko.

Ndelilio akafumbua macho.

"Mama mkubwa, wino wako umefika," Praygod akasema, akampisha mtu, akarudi kwenye turubai lake.

Faraja akaingia. Koti la mvua linachuruzika, mtandio umeganda kichwani, chupa ameificha kifuani isilowe. Alijua yuko nyumba ya nani. Niliona alivyoingia, alitanguliza macho kwenye kitanda.

"Shikamoo, mama," akamwambia Ndelilio. "Poleni sana na msiba."

"Marahaba."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," nikasema. Lilinitoka lenyewe. "Mbona umekuja wewe? Si ungemtuma mtu wa pikipiki?"

"Niliomba nije mwenyewe, bibi."

Akakunja mikono ya sweta, akagonga kifuniko cha mashine mara mbili, akakifungua, akamimina. Hakudondosha tone.

Ndelilio alikuwa anatazama kile kidole.

Sasa niambieni ningefanya nini. Kumfukuza siwezi. Kumkaribisha siwezi. Kusema jina lake mbele ya mdogo wangu siwezi, nimepokea isale. Kumwambia Faraja kwamba jina lake limefutwa, sikuwa na mdomo wa kulisema. Na mashine ilikuwa imeshaona njano. Ikawasha taa ya kukubali.

Nikabonyeza. Kwenye kompyuta kulikuwa na faili mbili, ya Ruth na ile aliyoiingiza Praygod kutoka kwenye simu yake. Nikabonyeza ya Praygod. Mimi mwenyewe, kwa kidole changu.

Karatasi ya kwanza ikatoka polepole, kama ulimi. Faraja akaidaka kabla yangu, ndivyo walivyozoea dukani, kuidaka kabla haijaanguka. Akaisoma. Midomo ilikuwa inacheza. Nilijua amefika wapi kwa sababu midomo iliacha kucheza.

Watoto wanne. Praygod, Brenda, Esther na Ezra.

Akanigeuzia karatasi.

"Bibi," akasema, "hii ya kwanza ina mistari usoni kwake. Nisafishe kichwa cha mashine?"

"Safisha," nikasema.

Akasafisha. Akatoa nyingine, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, karibu na jani. Uso wa shemeji ulikuwa safi, tai ya bluu na vidoti vyake vyote.

Ndelilio akamwuliza kutoka chini, "Binti, unajua kusoma?"

"Najua, mama."

"Umesoma hiyo?"

"Nimesoma."

"Umeona kosa?"

Faraja akaitazama karatasi tena, akapima neno lake. "Rangi ndiyo ilikuwa na kosa, mama. Nimesharekebisha."

Mashine ikaendelea. Mbili, tatu, nne. Sasa wino huu wa tanki, kama hamjui, karatasi ikitoka hushiki, huweki moja juu ya nyingine, utazipaka. Lazima utandaze. Siku ya jua ni dakika chache. Siku ya mvua kama ile, na ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, haikauki. Tukatandaza mezani, pakajaa. Juu ya sanduku, pakajaa. Faraja akasimama na karatasi mikononi, hajui aweke wapi.

"Mtoto wa nani wewe?" Ndelilio akauliza.

"Wa Zuleha, mama. Wa Mawenzi."

"Na baba?"

Nilishika ukingo wa meza.

Faraja akageuka kwenye kile kitanda kisicholaliwa. Akakigonga kwa kidole, mara mbili. Akainama, akaweka karatasi ya kwanza upande wa mto.

"Namtandaza hapa, mama," akasema, "akauke."

Alimtandaza kitandani mistari mitano, kichwa upande wa ukuta, taratibu, kama mtu anayelaza. Ndelilio hakumkataza. Kitanda kikajaa. Akashuka sakafuni, mstari baada ya mstari, mpaka mlangoni.

Praygod akagonga. "Zimefika ngapi?"

"Usifungue!" nikapiga kelele. "Utamkanyaga baba yako!"

Nikasikia wanawake nje wakiguna. Mlango haukufunguliwa. Na sisi hatukuweza kutoka. Kati yetu na mlango kulikuwa na shemeji Ebenezeri mbichi, zaidi ya mia, wote wanatutazama. Wanawake watatu kwenye chumba kimoja, na harufu ya wino.

Saa tisa alasiri nakala ya mia mbili ikatoka. Faraja akaipatia nafasi ya mwisho, chini ya meza. Alipoinuka hakuwa na pa kukanyaga ila penye godoro. Akasita.

"Kaa," Ndelilio akasema. Hakusogea, lakini hakuvuta shuka pia.

Akakaa pembeni kabisa, nusu godoro nusu sakafu, magoti kifuani. Nadhani naye hakuwa amelala tangu Jumatatu, maana usingizi ulimwangusha kama gunia. Kichwa kikaenda ukutani, mdomo wazi, vidole vilivyopakwa wino na karatasi mbichi vimeangukia kwenye shuka la mjane.

Ndelilio alimtazama muda mrefu. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Analala kama yeye," akasema. "Mdomo wazi hivyohivyo. Nilikuwa naufunga kwa mkono."

Nilikatazwa kujibu, na jani ndilo lililonikataza.

"Dada."

"Naam."

"Jana tu?"

Mungu anisamehe, nilimtazama mdogo wangu usoni, na safari hii sikuweza kudanganya. "Si jana," nikasema. "Nilimwona Mawenzi, amevua viatu. Zamani. Nikapita upande wa pili."

Nilingoja anipige kwa neno. Aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyekuwa anakidai kitu na amekipata.

"Basi tulikuwa wawili," akasema. "Tungeongea, dada. Miaka yote hiyo tungeongea." Kisha akasema, "Lile isale liko wapi?"

"Dirishani."

"Nipe."

Sijawahi kusikia mtu akirudishiwa isale. Mama yetu hakunifundisha hilo, wala bibi. Nikalifikia kwa ncha za vidole, nikampa. Akajilaza, kichwa upande mmoja na miguu ya Faraja, jani kifuani, vidole vyake kwenye fundo.

Kulikuwa kumebaki karatasi moja ya kuchapa. Kwenye kila msiba huwa tunaiacha ya mwisho: ile ya herufi kubwa, ya mzee wa kanisa anayesoma wasifu, maana macho yake yameshachoka. Hizo mia mbili watu watakunja, watapepea nzi, watakaa nazo mfukoni. Lakini watoto wataitwa kaburini kwa ile moja.

"Dada," Ndelilio akasema, sauti imeshaanza kuzama. "Ile ya herufi kubwa umeichapa?"

"Bado."

"Faili ya Ruth umeifuta?"

"Haijafutwa. Zipo zote mbili."

Akavuta pumzi ndefu. Siku tano za kutolala zilikuwa zinamkalia kwenye kope.

"Basi chapa ile ya…"

Nikangoja. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Mashine ilikuwa inangoja na taa yake, karatasi moja imo.

"Ile ya nani, Ndelilio?"

Nikaruka mistari miwili ya karatasi kwa vidole vya miguu, nikainama karibu na mdomo wake. "Ndelilio. Ile ya nani?"

Fundo la isale lilikuwa limelegea nusu mkononi mwake. Sikuweza kujua kama alikuwa analifungua, au alikuwa ameanza kulifunga upya.

Mdogo wangu alikuwa amelala.